Je, lugha mbili zinamchanganya mtoto? Na kwa nini maneno yananikwama mdomoni?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi na mume wangu hatukuzaliwa katika lugha moja, na nyumbani tunazungumza zote mbili. Mtoto wetu ana miaka mitatu. Anaanza sentensi kwa lugha yangu na kuimalizia kwa ya baba yake. Mwalimu wake wa chekechea ametushauri tuchague lugha moja, la sivyo atachanganyikiwa. Wakati huohuo nasoma mitandaoni kwamba lugha mbili zinamwongezea mtu akili. Na mimi mwenyewe, baada ya miaka mingi ya kufanya kazi kwa lugha ya pili, maneno ya lugha yangu ya kwanza yananikwama mdomoni mpaka naona aibu. Ukweli ni upi? Lugha mbili zinakaaje katika kichwa kimoja?

Jibu: Marahaba, mama. Nianze na la haraka, ili usome mengine moyo ukiwa umetulia: msiache lugha yoyote. Mtoto wenu hajachanganyikiwa, na wewe huna cha kuonea aibu. Sentensi yake yenye vipande viwili na neno lako linalokwama vina chanzo kimoja. Nitakieleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu ukishakielewa utaweza kumjibu mwalimu wa chekechea kwa maneno yako mwenyewe.

Nyuma ya ushauri mliopewa kuna methali inayotuongoza wengi bila kujua: mshika mbili, moja humponyoka. Hata sisi tunaochunguza lugha tuliwahi kuwa na picha inayofanana na hiyo. Tulidhani kichwani mna kitu mfano wa swichi: ukiwasha lugha moja nyingine inazimika, na mwenye lugha mbili ni kama watu wawili wanaopokezana zamu. Picha hiyo imeanguka. Lugha zote mbili hukaa macho, hata ile ambayo kwa saa hiyo haina kazi.

Ushahidi wa kwanza ninaoupenda ulitoka kwenye macho ya watu. Mwaka 1999 Michael Spivey na Viorica Marian wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwaketisha watu wanaojua Kirusi na Kiingereza mbele ya vitu vichache, wakawavika kifaa kinachoonyesha jicho linatazama wapi. Mtu aliambiwa kwa Kirusi asogeze stempu, ambayo kwa Kirusi ni "marka". Miongoni mwa vile vitu kulikuwa na kalamu nene, ile ambayo kwa Kiingereza huitwa "marker". Sikio lilipoanza kupokea "mar...", macho yaliikimbilia kalamu mara nyingi kuliko yalivyokimbilia kitu kingine ambacho jina lake halikufanana. Agizo lilikuwa la Kirusi mwanzo hadi mwisho, na bado Kiingereza kilikuwa kinasikiliza.

Mtu anaweza kusema hiyo ni sauti tu imefanana. Basi tazama walichofanya Guillaume Thierry na Yan Jing Wu wa Chuo Kikuu cha Bangor, Wales, mwaka 2007. Waliwapa Wachina wanaojua Kiingereza vizuri jozi za maneno ya Kiingereza wasome, kisha waseme kama maana zake zinahusiana. Wasichoambiwa ni kwamba baadhi ya jozi, zikitafsiriwa kwa Kichina, zinashiriki herufi moja. Treni kwa Kichina ni "huoche", na nyama ya paja la nguruwe ni "huotui". Maneno yote mawili yanaanza na herufi ya moto. Kwa Kiingereza hayana undugu wowote, si wa maana wala wa sauti. Majibu ya washiriki hayakuonyesha tofauti yoyote. Lakini mawimbi ya umeme ya ubongo wao yalibadilika kila jozi kama hiyo ilipotokea. Bila wao kujua, Kichina kilikuwa kinapita chinichini wakisoma Kiingereza.

Ndivyo lugha mbili zinavyokaa katika kichwa kimoja. Moja inasema kwa sauti, nyingine inanong'ona, na mwenye kichwa kwa kawaida hasikii mnong'ono huo.

Kama zote ziko macho, inakuwaje zisitoke pamoja kila unapofungua mdomo? Maelezo yaliyokubalika na wengi yalitolewa na David Green mwaka 1998: ubongo huibana ile lugha isiyohitajika, na kadiri lugha ilivyo na nguvu, ndivyo inavyobidi kubanwa zaidi. Jambo hili lina matokeo ambayo ukiyasikia mara ya kwanza yanaonekana kinyume. Renata Meuter na Alan Allport, mwaka 1999, waliwaomba watu wenye lugha mbili wataje tarakimu zilizotokea kwenye skrini, huku rangi iliyozizunguka ikiwaonyesha watumie lugha ipi. Kila walipobadili lugha walichelewa kidogo, jambo lililotarajiwa. Ajabu ni kwamba walichelewa zaidi walipokuwa wanarudi kwenye lugha yao yenye nguvu kuliko walipokuwa wanakwenda kwenye ile dhaifu. Lugha yenye nguvu ilikuwa imebanwa kwa nguvu, na kuiachia huchukua muda.

Kuna kundi moja linalonifundisha mengi hapa: watu wanaosikia lakini wamelelewa na wazazi viziwi, wakakua na lugha ya alama pamoja na lugha ya kuzungumza. Karen Emmorey na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2008, waliona kwamba watu hawa wakiwa pamoja ni nadra kuacha kuzungumza ili watumie alama. Hufanya yote mawili kwa wakati mmoja, mdomo unasema na mikono inasema. Kwao ubongo hauna haja ya kuchagua mapema sana, kwa kuwa lugha zina milango miwili ya kutokea. Wewe na mimi tuna mdomo mmoja, na foleni yetu inaanzia hapo.

Sasa neno lako linalokwama. Ukishinda siku nzima kwenye lugha ya pili, lugha yako ya kwanza inashinda siku nzima imebanwa. Jioni ukiihitaji, haitoki kwa wepesi uleule. Juu ya hilo kuna hesabu nyepesi ambayo Tamar Gollan wa California ameifuatilia kwa miaka mingi: saa zako za kuzungumza ni zilezile, ila umezigawa kwa lugha mbili, kwa hiyo kila neno la kila lugha umelitamka mara chache kuliko mtu wa lugha moja. Neno lisilotamkwa mara nyingi huchelewa kuitika. Ndiyo maana wenye lugha mbili huchelewa kidogo hata kutaja picha ya kitu cha kawaida, na hupatwa zaidi na ile hali ya neno kukaa ulimini likakataa kutoka. Kuna kipande kimoja cha ushahidi ambacho naona kinafunga mjadala. Gollan na wenzake walipopima majina ya watu mwaka 2005, tofauti ilitoweka: wenye lugha mbili hawakukwama kuliko wengine. Bila shaka umeshaona sababu. Jina la mtu ni lilelile katika lugha zote, kwa hiyo halikugawiwa. Ingekuwa kumbukumbu yako imechakaa, hata majina yangekukimbia zaidi.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu neno "aibu" katika barua yako limenigusa. Nimewaona watu wazima, wenye ujuzi mkubwa, wakinyamaza mbele ya wazee wao kwa kuogopa kuchekwa kwa neno moja la lugha ya kwanza lililowapotea. Kimya hicho kinaiua lugha kuliko kusahau kwenyewe. François Grosjean, mwanaisimu-saikolojia wa Uswisi, aliandika mwaka 1989 kwamba mwenye lugha mbili si watu wawili wa lugha mojamoja waliofungiwa katika mwili mmoja. Alieleza pia kwamba lugha za mtu hugawana maisha yake: hii ni ya kazi na hesabu, ile ni ya ndugu, sala na kuchekesha watoto. Mhandisi aliyesoma kwa lugha ya pili anaweza kukosa maneno ya kueleza kazi yake kwa lugha ya mama yake, na kazini akakosa maneno ya kumbembeleza mtu anayelia. Hajapungukiwa popote. Maneno yake yako pale alipoyahitaji. Ukipimwa kwa kila lugha peke yake, kwa kipimo cha mtu aliyeishi maisha yake yote ndani ya lugha hiyo moja, utaonekana nusu na nusu, na kosa litakuwa la kipimo.

Kosa hilohilo la kipimo ndilo linalomkuta mtoto wako.

Mtoto wa lugha mbili huanza kuzitenga lugha zake mapema mno kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1988 Jacques Mehler na wenzake waliwapima watoto wa siku nne tu, waliozaliwa na mama wanaozungumza Kifaransa, wakaona wanatofautisha Kifaransa na Kirusi kwa mdundo wake. Mwaka 2010 Krista Byers-Heinlein, Tracey Burns na Janet Werker waliwapima vichanga ambao mama zao walizungumza Kiingereza na Kitagalogi, lugha ya Ufilipino, wakati wa ujauzito. Watoto wale walionyesha kuvutiwa na lugha zote mbili, na bado waliweza kuzitofautisha. Hiyo ni wiki ya kwanza ya maisha, hata kucheka hawajaanza. Tena, Fred Genesee na wenzake kule Montreal, Kanada, waliwafuatilia watoto wa karibu miaka miwili walioishi na Kifaransa na Kiingereza. Walichanganya, naam, lakini kwa baba walitumia zaidi lugha ya baba na kwa mama zaidi ya mama. Hata mbele ya mgeni walijaribu kusogea kwenye lugha ya mgeni. Mtoto anayechanganyikiwa hawezi kumchagulia kila mtu lugha yake.

Mbona basi wako anachanganya ndani ya sentensi moja? Mara nyingi kwa sababu mbili zisizo na madhara. Ya kwanza ni kwamba neno analolihitaji amelipata katika lugha moja tu mpaka sasa, na mtoto mwenye jambo la kusema hasubiri. Ya pili ni kwamba anawasikia ninyi mkichanganya, na anajua kabisa kuwa wote wawili mtamwelewa. Angekuwa na mtu asiyejua mojawapo, ungemwona anavyojitahidi.

Tena kuchanganya ndimi kuna sheria. Mwaka 1980 Shana Poplack alichapisha uchunguzi wake wa Wapuerto Riko wa New York, akaonyesha kwamba wanaoruka kutoka lugha hadi lugha katikati ya sentensi ni wale hasa wanaozijua lugha zote mbili barabara. Wasiojua vizuri hawathubutu. Hupachika neno mwishoni, au msemo mzima uliokaririwa. Carol Myers-Scotton, aliyekusanya mazungumzo mengi ya Kiswahili na Kiingereza Nairobi, alieleza kwamba lugha moja hutoa kiunzi na nyingine hupachika maneno juu yake. Jaribu mwenyewe. Kila msomaji wa Kiswahili amewahi kusikia "nimekumiss". Mzizi umetoka nje, lakini ni-, -me- na -ku- vimekaa mahali pake sawasawa, kama ilivyo katika "nimekuona". Sasa jaribu kugeuza: chukua sentensi ya Kiingereza, upachike -ku- katikati ya kitenzi chake. Haiwezekani, na hujawahi kumsikia mtu akifanya hivyo, ingawa hakuna aliyemfundisha mtu sheria hiyo darasani. Msikilize mwanao kwa makini wiki hii. Angalia anakatia wapi sentensi. Mara nyingi utakuta anakatia pale ambapo sarufi zote mbili zinaruhusu, na kwa mtoto wa miaka mitatu hiyo ni kazi kubwa.

Hofu ya mwalimu wa chekechea haikuzuka hewani, na sitaki umwendee kwa hasira. Ina historia. Mnamo miaka ya 1920 watafiti waliwapima akili watoto wa lugha mbili na kuripoti kwamba wako nyuma. Ripoti ya D. J. Saer ya mwaka 1923, kuhusu watoto wa Wales, ndiyo inayotajwa sana. Vipimo vile mara nyingi vilifanywa katika lugha moja, tena ile dhaifu ya mtoto, na watoto maskini walilinganishwa na watoto wa wenye nacho. Mwaka 1962 Elizabeth Peal na Wallace Lambert walirudia jambo hilo Montreal kwa watoto wa miaka kumi, wakahakikisha hali za kiuchumi za familia zinalingana. Matokeo yakapinduka: watoto wa lugha mbili walifanya vizuri zaidi. Nao walikuwa na dosari yao, kwa sababu waliwachagua watoto waliozimudu lugha zote mbili sawasawa, na huenda hao walikuwa hodari tangu awali. Lakini hoja ya kuchanganyikiwa haikupona tena, ila imebaki midomoni mwa watu.

Kosa la kuhesabu nalo lipo mpaka leo. Ukihesabu maneno ya mtoto katika lugha moja tu, yataonekana machache kuliko ya rafiki yake wa lugha moja, na mtu ataandika "amechelewa". Barbara Pearson na wenzake kule Miami, mwaka 1993, walihesabu maneno ya lugha zote mbili kwa pamoja, na watoto wa lugha mbili wakalingana na wengine. Muulize mwalimu amehesabu nini.

Na hilo la kuongeza akili? Hapa nitakuwa mkweli ingawa nami nilitamani jibu liwe tamu zaidi. Mwaka 2004 Ellen Bialystok wa Chuo Kikuu cha York, Toronto, na wenzake waliripoti kwamba watu wa lugha mbili hufanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya kudhibiti umakini, ambamo mtu anatakiwa kupuuza jambo linalomvuta pembeni. Ilikuwa nadharia ya kupendeza: ukibana lugha moja mchana kutwa, misuli ya umakini inapata mazoezi. Habari ikaenea ulimwenguni, na ndiyo hiyo uliyoisoma. Kisha likaja swali gumu. Kenneth Paap na Zachary Greenberg, mwaka 2013, walirudia vipimo hivyo wasiione faida. Mwaka 2015 Angela de Bruin na wenzake walionyesha kwamba tafiti zilizoona faida zilichapishwa kwa urahisi kuliko zile zisizoiona, kwa hiyo tulikuwa tunasoma upande mmoja wa kesi. Minna Lehtonen na wenzake walijumlisha tafiti nyingi mwaka 2018, wakasahihisha upendeleo huo, na faida kwa watu wazima ikayeyuka. Mwaka uliofuata Anthony Dick na wenzake walichunguza watoto 4,524 wa Marekani wenye miaka 9 na 10. Hawakuiona faida hiyo pia.

Hukumu yangu ni hii: usimlee mtoto kwa lugha mbili ili awe na akili kuliko wenzake. Hakuna anayeweza kukuahidi hilo kwa haki. Wala usimnyime lugha kwa kuogopa kwamba akili yake itapungua, kwa maana tafiti zilezile kubwa zilizoshindwa kuona faida hazikuona madhara pia.

Kuhusu uzee habari ni nzito zaidi, lakini nayo inataka tahadhari. Bialystok na wenzake, mwaka 2007, walipitia kumbukumbu za wagonjwa 184 wa demensia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, huko Toronto na kukuta dalili za wenye lugha mbili zilianza takriban miaka minne baadaye. Suvarna Alladi na wenzake walifanya hivyo Hyderabad, India, mwaka 2013, kwa wagonjwa 648, wakapata miaka minne na nusu, hata kwa wale wasiojua kusoma na kuandika. Hilo la mwisho ni muhimu, kwa sababu linaondoa shaka kwamba ni elimu ya shule ndiyo iliyofanya kazi. Hata hivyo, wengine waliwafuatilia wazee wakiwa bado wazima, badala ya kuanzia na wagonjwa waliokwisha fika kliniki, na tafiti hizo zilipojumlishwa mwaka 2017 hazikuonyesha kwamba lugha mbili hupunguza uwezekano wa kuugua. Mimi nauacha mlango wazi.

Sasa tuangalie mtoto angepoteza nini mkifuata ule ushauri. Watu husema "tuache lugha moja kwa muda, akishakua atairudia", kama vile lugha ni nguo unayoiweka sandukuni. Christophe Pallier na wenzake, mwaka 2003, walichapisha uchunguzi wa watu wazima waliozaliwa Korea na kuasiliwa Ufaransa wakiwa na umri wa kati ya miaka mitatu na minane. Hao walikuwa wameshazungumza Kikorea, wengine hata kuanza shule. Walipopimwa ukubwani, hawakuweza kukitambua Kikorea kati ya lugha nyingine za kigeni, na ubongo wao haukukiitikia tofauti na ulivyoitikia lugha ambazo hawajawahi kuzisikia. Lugha ya mtoto isiyotumiwa hupotea hivyo. Ni kweli kuna tafiti zinazoonyesha kitu hubaki: Lara Pierce na wenzake, mwaka 2014, waliwapima Montreal wasichana wa miaka 9 hadi 17 waliotoka China wakiwa wachanga na kukua na Kifaransa pekee. Ubongo wao uliipokea toni ya Kichina, yaani ule mpando na mshuko wa sauti unaobadili maana ya neno, kama ubongo wa wasemaji wa Kichina, ingawa hawakukumbuka neno. Lakini alama iliyobaki ndani kabisa haiwezi kuzungumza na bibi yake.

Na kuna upande wako wewe. Lugha zetu hazibebi hisia kwa uzito uleule. Catherine Harris na wenzake, mwaka 2003, waliwapima watu waliokuwa na Kituruki tangu utoto na kujifunza Kiingereza baadaye, kwa kutazama jinsi ngozi ya vidole inavyotoa jasho jepesi mtu anaposisimka. Maneno ya kukaripia watoto, ya aina ya "huoni haya?", yaliwasisimua zaidi kwa Kituruki kuliko kwa Kiingereza. Mwaka 2012 Boaz Keysar na wenzake kule Chicago wakaonyesha kwamba watu wakifikiria tatizo kwa lugha ya kigeni, namna lilivyopambwa kwa maneno haiwayumbishi sana kama inavyowayumbisha kwa lugha yao. Kwa biashara huo unaweza kuwa msaada. Kwa malezi, mimi nasema mzazi azungumze na mwanawe kwa lugha inayomgusa mwenyewe. Mkikubali kuacha moja, mmoja wenu atakuwa anambembeleza mtoto kwa lugha ambayo haimtoki moyoni.

Kumbukumbu nazo zina makao yake. Viorica Marian yuleyule, pamoja na Ulric Neisser, waliwahoji mwaka 2000 watu waliohama wakiwa na Kirusi na kujifunza Kiingereza baadaye. Walipohojiwa kwa Kirusi walikumbuka zaidi matukio yaliyotokea wakiwa ndani ya Kirusi. Kwa Kiingereza, yale ya Kiingereza. Nawe utakaporudi kwenye lugha yako ya kwanza, usishangae ikija na nyuso na sauti ulizodhani umezisahau. Na urudi kwa kuzungumza, hata neno likichelewa. Ukilikosa, lizunguke kwa maelezo, mwombe mtu akutajie, uendelee. Ukiitumia mfululizo kwa muda, kubanwa kule hulegea, na wengi huona tofauti mapema kuliko walivyotarajia.

Mnauliza mfanye nini nyumbani. Wengi wameambiwa kanuni ya kila mzazi na lugha yake. Jules Ronjat, mwanaisimu Mfaransa, ndiye aliyeitangaza katika kitabu alichochapisha mwaka 1913 kuhusu malezi ya mwanawe Louis kwa Kifaransa na Kijerumani. Ni njia nzuri, lakini si amri. Annick De Houwer, mwaka 2007, alichapisha taarifa za familia 1,899 zenye lugha mbili huko Flanders, Ubelgiji, akakuta karibu mtoto mmoja kati ya wanne hakuizungumza ile lugha isiyo ya wengi, hata pale mzazi mmoja alipoishikilia. Kilichosaidia zaidi ni lugha hiyo kusikika nyumbani kwa wingi, ikiwezekana kutoka kwa wazazi wote wawili. Kwa hiyo pimeni ni ipi kati ya lugha zenu ambayo mtoto ataikosa huko nje, shuleni na kwa marafiki. Hiyo ndiyo iongezewe saa: hadithi, nyimbo, simu na ndugu, michezo na watoto wanaoizungumza. Nyingine itajitafutia njia.

Mtoto akichanganya, msimkatize wala msimwambie arudie "vizuri". Jibuni alichosema, na ndani ya jibu lenu liwemo neno alilolikosa. Atalichukua.

Mwisho, kuhusu wasiwasi wa kweli. Watoto wa lugha mbili hutamka neno la kwanza karibu na mwaka mmoja na kuunganisha maneno mawili karibu na miaka miwili, kama wengine. Kwa hiyo lugha mbili zisitumiwe kama sababu ya kusubiri. Mtoto wa miaka mitatu asiyeunganisha maneno katika lugha yoyote, au asiyeonekana kusikia akiitwa, au aliyekuwa anazungumza kisha akaacha, apelekwe kwa mtaalamu wa usemi na usikivu bila kuchelewa. Wako anaunganisha sentensi nzima, kwa hiyo kwa unayonieleza sioni dalili hiyo. Lakini siku yoyote mkimpeleka, au mwalimu akitaka kumpima, ombeni jambo moja na msilegeze: aulizwe kwa lugha zote mbili, na maneno yake yahesabiwe kwa zote mbili.